Salfa Ndani ya Kabureta

"Pikipiki yangu ikiwaka, nitakwenda hospitali," mjomba alisema. Alisema hivyo kumkomoa dada yake, yaani mama yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji uliopoa. Bodaboda hapandi, gari la kukodi hapandi. Tangu tumzike mkewe alikuwa analala tu chumbani kwake pale Chiola, miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Na alijua fika kwamba ile pikipiki haijawaka tangu misimu mingi ya korosho iliyopita.

Haya mzee, nikasema moyoni, umejifunga mwenyewe.

Nikaenda kuitoa stoo. Jamani! Sisi huku salfa ya kupulizia mikorosho tunaiweka popote penye paa, na mle ndani mifuko ilikuwa imepangwa juu ya tangi la pikipiki, mmoja umepasuka. Halafu sponji ya kuzuia vumbi haikuwepo. Mjomba aliichomoa zamani akaifunga kwenye bomba la kupulizia salfa, kama tunavyofanya wengi msimu ukitubana. Kwa hiyo kabureta ilikaa mdomo wazi miaka yote hiyo, inameza unga. Nilipoifungua nikakuta tope la njano limegandamana na petroli iliyooza. Na jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia petroli, kilikuwa kimeziba kabisa.

Jeti nyingine haikupatikana. Nilishazunguka maduka ya vipuri Nachingwea, nikaenda hadi Ruangwa, wauzaji wakanicheka tu. "Kaka, hiyo ya enzi za babu, hatuna." Nikikiharibu hiki, ndiyo basi, na mjomba atabaki kitandani na neno lake. Waya sikuthubutu kuutumia, maana unapanua tundu. Nikachomoa unyasi kwenye ufagio wa uani, ule mwembamba kuliko wote, nikauingiza taratibu huku nimebana pumzi. Ukakatikia ndani.

Nilitukana, Mungu anisamehe. Mama akatoka na bakuli lilelile. "Amekataa tena," akasema. "We unafanya nini hapo? Inatengenezeka, haitengenezeki?"

"Mama, niache kwanza!"

Sijawahi kumjibu hivyo. Alirudi ndani na bakuli lake, nami nikabaki na kile kipande kiganjani nikiogopa hata kukigeuza. Nikakiloweka kwenye petroli safi, nikakitia mdomoni nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Wapi! Nikapuliza tena, petroli inaniunguza midomo, huku namsikia mjomba anakohoa upande wa pili wa ukuta, kikohozi kizito chenye maji. Mara unyasi ukaruka ukaangukia mchangani. Nikainua jeti juani, nikaona nukta ya mwanga. Nusura nilie.

Nikafunga kila kitu. Nikapiga kiki, kimya. Nikapiga tena, ikakohoa moshi ikanyamaza. Safari iliyofuata ikashika, inatetemeka mwili mzima, nami nimeishikilia mkono wa mafuta nikiiambia, "Usizime, nakuomba, usizime."

Mjomba akatoka akishikilia ukuta, shati limempwaya. Nilijua atatafuta sababu nyingine. Akaikodolea macho ile pikipiki, midomo ameibana. "Ekzosi imelegea," akasema, kisha akashika usukani apande. Mguu ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma. Ikabidi mimi na mama tumsaidie kukaa nyuma, pale alipokuwa akikaa mkewe kila walipokwenda kwao Nanganga. Sidhani kama mjomba alishawahi kukaa pale.

Nilikwenda polepole sana. Kila injini ikikwama kidogo, naongeza mafuta. Nilihofia izime porini, nilihofia adondoke, nilihofia tumechelewa. Yeye amekamata shati langu kwa mikono miwili. Tulipoanza kuziona nyumba za kwanza za Nachingwea nikasikia pumzi yake sikioni.

"Kumbe miaka yote ile," akasema, "alikuwa anaona mgongo wangu tu."

Nikainamisha bega upande mmoja, aione barabara.