Divai ya Kaka wa Jirani

Wiki iliyopita wenzangu wa kazini walinialika chakula cha jioni hapa Stockholm, na mmoja wao akanisogezea glasi ya divai nyeupe. "Inuse kwanza," akaniambia. "Utasikia harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua." Unanijua, rafiki yangu. Nimesomea kemia, na mtu akiniambia kwamba ladha ya mawe hupanda kwenye mizizi mpaka ikaingia kwenye zabibu, namuuliza inapita njia gani. Nilikuwa tayari kubisha. Nikainusa kwanza, kwa adabu tu, na hoja zote zikanitoka. Nilikuwa nimerudi jikoni kwa bibi, Jakobsberg, nikiwa mtoto wa miaka tisa.

Jikoni kwa bibi palinukia mawese, maharage yaliyochemka tangu asubuhi, na soksi zetu zilizokuwa zikikauka juu ya hita. Kazi yangu ilikuwa kuchambua maharage na kuuliza maswali. Kwa nini tunashukuru kabla ya kula, na chakula chenyewe hatujakionja? Bibi aliniita hakimu. "Chambua, hakimu," alikuwa akisema, "kesi imeahirishwa."

Mwaka ule shangazi alikuwa anaposwa. Kwetu Warundi, wakwe wakija na pombe yao, mzee wa upande wa binti husimama akaipokea na kuwajibu. Asipokuwapo, binti anaondoka kama mtu asiye na kwao. Na sisi tulikuwa tumebaki na mzee mmoja tu: kaka yake bibi, aliyeishi Södertälje. Ni mwendo wa treni tu, lakini tangu nizaliwe alikuwa hajakanyaga kwetu. Sababu niliijua kwa kudokoa maneno ya wakubwa. Walipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma yeye alitangulia kuondoka, mama yao akafia kule, na bibi akamzika peke yake. Bibi hakumsamehe kwa kuondoka. Yeye hakumsamehe bibi kwa kumpa habari baada ya mazishi.

Watu wa kanisani walimbembeleza mpaka akakubali kuja kuzungumza. Bibi alijua kwamba mazungumzo ya namna hiyo hayafanyiki midomo ikiwa mikavu. Waliogombana hunywa kutoka mtungi mmoja, na pombe yenyewe iwe ya mtu anayejulikana, aliyeikamua kwa mikono yake. Bia ya dukani haipatanishi mtu. "Nani kaitengeneza? Mashine?" alikuwa akisema. Kwa hiyo alinunua ndizi, akaziivisha chini ya kitanda ndani ya koti lake la baridi, akazikamua kwa majani tuliyoyakata kando ya ziwa, akaweka ndoo kwenye baraza. Baridi ya Aprili ikaingia humo. Siku ya mgeni tulipofunua, yalikuwa maji matamu yaliyolala usingizi, hayajachacha. Bibi alichovya kidole, akaonja, akakaa kwenye kiti kama mzigo ulioshushwa. Sijawahi kumwona amekaa vile.

Mimi ndiye niliyevuka kwenda kugonga mlango wa jirani, kuuliza kama ana kinywaji kilichotengenezwa na mtu. Alikuwa mama wa Kifaransa, mjane wa Mswidi, na kila vuli kaka yake alimletea sanduku la divai kutoka shamba la familia yao kando ya mto Loire. Alikuja na chupa iliyotoka kwenye friji, imejaa jasho. Bibi akamhoji kwa Kifaransa chake alichofundishwa na masista.

"Nani kaitengeneza?"

"Kaka yangu."

"Na kabla yake?"

"Baba. Na babu. Mizabibu mingine kaipanda bibi yangu."

"Wewe umewahi kuichuma?"

Jirani akanyoosha mkono akaonyesha kovu kwenye kidole gumba. "Mkasi. Nilikuwa mdogo kuliko huyu."

Bibi akautazama mkono ule kwa muda, akasimama. "Basi hii ina wenyewe," akasema, akaenda kuutoa mtungi.

Kaka yake bibi alifika, akaingia na viatu. Katika nchi hii ambayo hata fundi wa mabomba huvua mlangoni, yeye alipita na viatu mpaka jikoni, akaketi na koti. "Nimeshakula," akasema, "na nimeshakunywa. Sema ulichoniitia."

Bibi alifungua chupa, na ile harufu ikatoka, ya jiwe lililonyeshewa, ikapita juu ya mawese na soksi. Akaimimina yote mtungini. Kisha akachukua birika akaongeza maji ya moto, kama unavyofanya kwa pombe ya mtama, kwa sababu mgeni mzee hapewi kitu cha baridi.

"Mama, hapana!" jirani akapiga kelele. "Maji? Ya moto? Kaka yangu akijua atanitoa kwenye ukoo!"

"Tulia," bibi akamwambia. "Huyu ana meno mabovu."

Akatia mirija miwili, akavuta yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili aone kwamba haina sumu. Kisha akaugeuza mrija wa pili kuelekea kwa kaka yake, akangoja. Sisi wote tukangoja. Shangazi alikuwa ameshika mlango.

Yule mzee aliutazama mrija. Akautazama mkono wa dada yake, uliokuwa bado umeushika mtungi. Akainama taratibu, akavuta. Akafumba macho. Akavuta tena.

"Mama angeongeza maji mengine," akasema.

Ndipo bibi akalia, kwa sauti, kama mtoto. Kaka yake akaweka mkono juu ya mtungi, juu ya mkono wake. Nimesoma mengi tangu siku ile na naweza kukueleza mvuke na pombe hufanya nini kwenye ubongo wa mtu aliyechoka. Hakuna nilichosoma kinachofika jikoni pale. Niliona kitu kikubwa kikipita mbele yangu, kwenye meza ya plastiki yenye maua, nikaogopa hata kupumua. Jirani alipewa mrija wa tatu, kwa niaba ya waliolima. Akavuta, akakunja uso. "Imekufa kabisa," akasema, huku machozi yakimtoka, akavuta tena.

Shangazi aliposwa huku mzee wa kwao akiwa amesimama. Alisema kwa kirefu mpaka wakwe wakaanza kutazama saa.

Baada ya hapo kaka yake bibi alikuja kila Jumapili kwa treni, na kila Jumapili wakagombana upya: mama yao alikuwa akiongeza maji kiasi gani? Bibi alisema nusu ya mtungi. Yeye alisema mpaka shingoni, na kwamba bibi alikuwa mdogo, hakumbuki. Walipiga meza, walitajana majina ya utotoni, walipandisha sauti mpaka jirani akaja kuuliza kama pana usalama.

Wote wawili wameshakufa. Jirani alirudi kwao, sina anwani yake. Mimi ambaye siku zote hutaka kujua nani ana haki, nimebaki na kesi hiyo bila shahidi hata mmoja.