Jani la isale na kanda ya Aikande

Juzi binti wa dada yangu Ndeshi alinionyesha kwenye simu nyimbo alizokusanya na rafiki zake. "Hizi ni za kulia tu, mjomba," alisema, akacheka. Mimi nikakumbuka kanda moja ya kaseti, na alasiri moja kule Marangu.

Dada Ndeshi na rafiki yake Aikande walikuwa wakirekodi kanda kwa zamu, huyu upande huu, yule upande ule. Katikati ya nyimbo Aikande aliongea: "Ndeshi, huu usiuruke, wewe!" Kisha homa ikamchukua Aikande, tukamzika. Kanda ikabaki kwetu.

Alasiri hiyo nyumba ilinuka kahawa iliyoanikwa uani. Nilitaka kusikia ng'ombe wetu akilia ndani ya redio, basi nikabonyeza kile kitufe chekundu cha kurekodi, kanda yao ikiwa ndani. Ndeshi alirudi na mzigo wa majani kichwani, akawasha kanda yake. Aikande hakuongea. Ng'ombe alilia.

Dada hakunipiga. Alikaa tu chini, juu ya majani yale mabichi.

Nilikimbia hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, penye migomba ya mwisho, nikachuma jani la isale kama wakubwa walivyofanya wakiomba msamaha, maana aliyeletewa isale hakatai. Nikampa kwa mikono miwili. Alilipokea.

"Yameisha, mdogo wangu."

Nilifurahi mno. Nilidhani isale hurudisha kila kitu. Nikarudisha kanda nyuma, nikaongeza sauti ili Aikande asikike mpaka pale alipokaa dada.

Ng'ombe akalia tena.