Mtu Asiyepewa Chenga

Nimefanya kazi nyingi, na karibu zote niliziacha mwenyewe kabla mtu hajaniambia niondoke. Shule niliiacha darasa la sita. Nimechoma tofali Idete, nimevua samaki, nimeuza mitumba kwenye magulio. Mashine ya kukoboa mpunga pale Mlabani ndiyo pekee niliyodumu nayo miaka miwili, na ndiko pekee nilikofukuzwa.

Kosa lilikuwa langu. Mchele ulikuwa unakatika sana, nami nikataka kujua kwa nini. Mchana mmoja wa msimu wa mavuno, bosi akiwa msibani, nikafungua roli za mpira zinazomenya mpunga. Kuzirudisha kukanishinda. Mashine ililala siku nzima, magunia ya watu yamejaa mpaka barabarani. Bosi aliporudi hakuuliza kitu.

"Kesho usije," alisema.

Ningeondoka tu, kama kawaida yangu. Lakini mashine moja kubwa ya kukoboa kule Kiberege ilikuwa inatafuta mwendeshaji, na walitaka barua kutoka kazini kwangu kwamba niliajiriwa kuendesha mashine. Bosi akakataa kuiandika. Nikapeleka malalamiko kwa msuluhishi wa migogoro ya kazi.

Siku ya kikao bosi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi.

"Huyu ni kibarua," alisema. "Kibarua hafukuzwi, mheshimiwa. Haitwi tu kesho yake."

Sikuwa na mkataba, sikuwa na karatasi yoyote. Nilikuwa na shahidi mmoja, mama mtu mzima anayepeta chenga, ule mchele uliokatika, pale mashineni, na yeye bado anakula kwa bosi yule yule. Nisingethubutu kumwomba. Alikuja mwenyewe, kwa miguu.

"Kila jioni chenga nazigawa mimi," alimwambia msuluhishi. "Kila kibarua aliyebeba magunia anapata bakuli lake. Huyu hajapata hata siku moja."

Bosi akacheka. "Mama na wewe! Watu wanaongea sheria, unaleta chenga?"

"Sheria siijui, baba. Chenga nazijua. Mwaka jana nilimwonea huruma, nikataka kumpimia. Ukanigombeza. Ukasema chenga ni za vibarua, huyu ni mtu wa mashine. Ulisema, hukusema?"

Bosi alitazama viatu vyake. Angeweza kukana, siku ile tulikuwepo watatu tu.

"Nilisema," akajibu.

Kwa neno hilo namshukuru mpaka leo, kama ninavyomshukuru yule mama. Kurudi kazini sikuomba, naye hakunikaribisha. Barua aliiandika pale pale mezani: mwendesha mashine, mwajiriwa, miaka miwili. Habari ya roli hakuigusa.

Jioni nilimpelekea mama sukari kilo mbili. Akaziweka pembeni bila kuzitazama.

"Nisomee hiyo barua."

Nikasoma.

"Rudia pale pa mwajiriwa."

Nikarudia. Akapangusa unga wa pumba mikononi.

"Na mimi je? Napeta pale tangu siku mashine inaletwa. Mimi ni nani?"

Nimezoea kuuliza maswali, si kuulizwa. Nikawapigia simu watu wa Kiberege, nikawaambia nitachelewa siku mbili. Asubuhi tukaenda wote wawili kwa msuluhishi, kuuliza.