Kisigino cha Mama Cherehani

Mama Cherehani, fundi wa kushona, hakujua kutulia; hata akila, mguu mmoja ulikuwa safarini. Miaka kumi na tisa alishona huku redio ikipiga kelele kando ya pasi. Wimbo ukianza tu, hata mwimbaji hajafungua kinywa, yeye hukita kisigino kwenye pedali, cherehani ikasimama, naye akautaja. Hakosei, hata umwamshe usingizini.

Ila kulikuwa na wimbo mmoja aliouweka rohoni. Alipokuwa binti alikodiwa kuitikia kibwagizo chake. Wimbo ukavuma kweli, jina lake lisiandikwe popote. Wifi yake alimcheka kila alipoligusia jambo hilo. "Wifi nawe! Kesho utatuambia na ngoma ulipiga wewe."

Ndiyo maana alipoitwa kwenye shindano la televisheni la kutambua nyimbo, zawadi haikumshughulisha. Alimwomba Mungu wimbo ule upigwe, autaje, kisha aseme mbele ya nchi nzima: anayeitikia ni mimi.

Basi akawekwa kwenye kiti kirefu, miguu ikining'inia, kitufe chekundu mbele yake. Mpinzani wake, mwalimu wa hesabu, alikaa kimya kama picha. Mama Cherehani akajikuna shingo, akafuta viganja, akavuta kitambaa cha meza kukagua upindo (ovyo kabisa!). Walikuwa sare mpaka wimbo wa mwisho.

Gitaa likalia mara mbili. Jamani, ni ule ule! Moyo ukamruka, na kisigino kikakita hewa kwa nguvu zote, kama kilivyozoea. Mkono ukasahau kitufe. Ngriii! Mwalimu kabonyeza, kautaja, na muziki ukazimwa papo hapo, kabla ya kibwagizo.

Watu wakapiga makofi. Yeye alihisi kaibiwa mchana kweupe. "Pole, mama," mtangazaji akasema. "Una neno la mwisho?"

Neno gani tena? Akafumba macho, akaitikia kibwagizo chote, kwa sauti ile ile, imekwaruzika kidogo tu kwa vumbi la vitambaa. Miguu yake, kwa mara ya kwanza siku ile, ikatulia.

Nje alipowasha simu, wa kwanza kupiga alikuwa wifi. Hakucheka. Alikuwa analia.

"Wifi," alisema, "hebu imba tena pale mwanzo. Nimemwita mama, naye asikie."