Basi Jeusi Kutoka Japani

Kazi yangu ni kukagua magari. Yakishushwa melini hapa bandarini Durban huletwa kwenye yadi yetu Clairwood, nami napita na karatasi naandika: kioo kimepasuka, tairi la akiba halipo, redio imeng'olewa. Hayabaki Afrika Kusini, sheria hairuhusu. Yanasubiri madereva wa kuyapeleka Zambia, Malawi, Lubumbashi. Waliniajiri kwa sababu nasoma Kijapani. Mimi ni mtu wa Tanga, lakini niliishi Japani miaka saba nikibomoa magari mabovu kwenye mji mdogo wa bandari, na wenzangu hapa wananiita Mjapani. Zamani nilikuwa naupenda utani huo.

Mwezi uliopita likashushwa basi dogo jeusi. Nilijua ni basi la nini kabla sijalifikia. Juu ya paa kulikuwa na vyuma vinne vya kushikia vipaza sauti, na pembeni kishikizo cha bendera. Mtu alijaribu kuyakwangua maandishi akachoka njiani. Ubavuni yalisomeka bado: Mheshimuni Mfalme. Nyuma, kwa herufi nyeupe kubwa: Wageni waondoke.

Mnunuzi alikuwa mchungaji kutoka Lubumbashi, mtu mpole, anataka basi la kwaya. Nikamwambia tutalipiga rangi kabla halijaondoka. Akakataa katakata. Kwetu sisi tunaoishi na magari haya, herufi za Kijapani ndizo cheti. Gari lenye jina la shule ya chekechea ubavuni, au la duka la samaki, hugombaniwa. Lililopakwa rangi mpya hutiliwa shaka, maana rangi huficha kutu.

"Acha tu vile iko, papa," akaniambia. "Ukifuta, batu batasema hii si ya Japon."

Nikamsomea maneno, neno kwa neno. Akafikiri kidogo, akatabasamu.

"Sasa kule kwetu nani atayasoma?"

Akaondoka nalo vilevile. Sijui kwaya ile inamfukuza mgeni gani kila inapokwenda kumsifu Bwana. Nilikasirika siku nzima, na hasira yenyewe haikuwa ya mchungaji.

Basi la namna ile nililijua kwa sababu nilikula sahani moja na mtu wake. Msimamizi wetu kule Japani alikuwa mzee mfupi, mikono imejaa makovu ya bati. Ndiye aliyenifundisha kusoma, herufi baada ya herufi, kwenye vumbi la vioo vya magari. Mchana alinigawia samaki wake. Historia ya nchi yake nilifundishwa na yeye, kinywa kimejaa wali: maofisa vijana wa jeshi, kabla ya vita kuu, walioingia majumbani mwa wakubwa wa serikali wakawaua kwa jina la Mfalme. Mfalme hakuwatuma, na aliwakasirikia. Hilo msimamizi alilipita haraka. Alisema walikufa kwa kupenda nchi kupita kiasi, na macho yake yakalowa. Waliouawa hakuwalilia. Wala hakusema kwamba mapenzi hayohayo yaliwapeleka Wajapani kuchoma nchi za wenzao, mpaka miji yao wenyewe nayo ikateketea.

Mengine niliyasoma mwenyewe baadaye. Vita vilipokwisha vyama vya wapenda-nchi wa namna hiyo vilipigwa marufuku, na haikupita miaka mingi wakarudi, na magari meusi, na nyimbo za jeshi. Waliwapigia kelele Warusi kwenye ubalozi wao, waliwapigia kelele walimu waliokataa kusimama wimbo wa taifa ukiimbwa, na Wakorea waliozaliwa palepale. Wakaja wengine wasio na sare wala magari, watu wa kawaida waliokutana kwenye mitandao ya simu, wakaandamana kwenye mitaa ya Wakorea wakiwaambia wafe. Siku hizi naona maneno hayo yamevaa suti, yanaomba kura, na yanapata.

Jumapili moja nilikuwa nje ya stesheni na mfuko wa mboga. Likapita gari jeusi linapiga wimbo wa vita, na wimbo ulipokoma nikasikia sauti ya msimamizi wetu. Alikuwa amekaa mbele, amevaa sare ya bluu iliyopigwa pasi, anasema wageni wanaichafua nchi. Akaniona. Akashusha kipaza sauti na kunipungia mkono, kama jirani aliyekutana na jirani sokoni.

Jumatatu nikamuuliza. Akashangaa kwamba nauliza.

"Si wewe," akasema. "Wewe ni mtu wetu. Nawasema wale wengine."

Naandika hili kwa aibu: nilifurahi. Nilijiona nimechaguliwa. Hao wengine nilikuwa nalala nao chumba kimoja, Mbangladeshi na Mghana, na jioni ile niliwatazama nikitafuta ni kosa gani wamefanya. Kibali changu kilipokaribia kwisha, ilihitajika barua ya msimamizi. Nilimkumbusha mara tatu. Hakuandika, ila aliniandalia karamu ya kuniaga, samaki wa kila aina, na akalia machozi ya kweli.

Sasa naishi Greyville, hapahapa Durban, ghorofa ya tatu. Mke wangu ni mtu wa Uvira, Kongo, anaishi kwa karatasi za ukimbizi, na ana presha. Jirani yetu wa mlango wa pili ni mama wa Kizulu aliyestaafu, tunamwita Gogo, bibi. Naye ana presha. Dawa yao ni moja, vidonge vilevile, na kwa miaka minne walikwenda kliniki pamoja kila mwezi, wakirudi na ndizi.

Mwaka huu wakaanza watu kusimama kwenye geti la kliniki na vipaza sauti juu ya gari la mizigo, wanakagua vitambulisho, asiye na cha Afrika Kusini haingii. Gogo akaanza kwenda kwenye mikutano yao. Mjukuu wake hana kazi, naye ameambiwa kazi hiyo ninayo mimi. Mke wangu alipomuuliza, Gogo alimshika shavu.

"Mntanami, mwanangu," akasema, "si nyinyi. Ni wale wengine."

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Mimi nilimwona nyoka mwenyewe nikasema ni jani. Vidonge vilikuwa vimebaki viwili, na mke wangu alitaka tungoje. Nikamwambia, nenda tu, Gogo atakuwepo.

Gogo alikuwepo. Alikuwa getini, amevaa fulana yao, anakagua. Mke wangu alitoa karatasi yake akidhani ni desturi tu. Gogo aliisoma yote, mbele na nyuma, bila kuinua macho.

"Huyu hapana," akawaambia vijana wake, akamnyooshea mkono aliyefuata.

Mke wangu alirudi kwa miguu. Nilipofika nyumbani nilimkuta anaosha vyombo safi.

"Hakuniangalia, papa," akasema. "Ni vile tu. Hakuniangalia."

Nilikimbilia duka la dawa, wakataka cheti cha daktari. Kliniki ndiyo yenye faili lake, na kliniki ina geti. Nilijichukia kuliko nilivyomchukia mtu yeyote siku ile. Nimeisoma chuki kwa lugha mbili, nimeisoma hata mgongoni mwa basi, kisha nikamtia mke wangu mikononi mwake.

Kesho yake, jua halijazama, mlango ukagongwa. Gogo, na mkate wa mvuke umefunikwa kitambaa. Juu ya kitambaa kulikuwa na karatasi ya vidonge iliyokatwa kwa mkasi, nusu ya dawa yake ya mwezi.

"Ale kwanza ndipo ameze," akaniambia. "Na mwezi ujao asije kule. Nitaleta mimi."

Nilitaka kumrushia mkate wake. Nilitaka kumuuliza anawezaje. Nyuma yangu mke wangu alikuwa amekaa, ameshika utosi kwa mikono miwili. Nikapokea kwa mikono miwili, kama adabu yao inavyotaka, nikasema asante.

Tangu siku ile, vidonge vya mtu mmoja vinamezwa na watu wawili. Mke wangu anameza leo, kesho anaacha. Gogo naye hivyohivyo, na hakuna presha inayokubali mapatano ya namna hiyo. Usiku kichwa kinamgonga mke wangu na vidole vinakufa ganzi. Gogo vilevile, alituambia mwenyewe jana kwenye ngazi, anashikilia ukuta asianguke, amevaa fulana yake anakwenda getini.