Mgeni Aliyekaa Miaka Saba

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu alikaa mgeni kwa miaka saba. Alikuwa na kigoda chake karibu na mlango, sahani yake ya bati yenye maua mekundu, na kikombe ambacho sisi wengine hatukuruhusiwa kukigusa. Yai likipatikana lilikuwa lake. Jioni mimi ndiye niliyempelekea maji ya kuosha miguu, nikasimama na beseni mpaka amalize. Jina lake Safari, na tulitoka tumbo moja.

Nianze vizuri, nisije nikaonekana naropoka. Kwetu ni Rhotia, upande wa juu, mahali ambapo shamba la mwisho la mahindi linagusana na msitu wa Ngorongoro. Ilikuwa miaka ya sabini, watu wamekwisha kuhamishiwa vijijini na nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi. Mama alinizaa mimi, kisha akazaa wavulana wawili, na wote wawili wakafa wangali wananyonya.

Sisi Wairaqw tuna mwiko unaoitwa metimani. Mama akifiwa na mtoto wa kunyonya, nyumba yake inatengwa. Hapiti njia ya wote, ng'ombe wake hawachanganyiki na wa jirani, na maji anateka chini ya pale wenzake wanapoteka. Kanisani walituambia huo ni ujinga, na hao hao waliotuambia walitusalimia wakiwa ng'ambo ya ua. Namkumbuka Mama Gabrieli, jirani yetu, akituwekea chumvi juu ya jiwe kisha akirudi nyuma hatua tano ndipo Mama aende kuichukua. Mimi nilidhani ni mchezo.

Mimba ya nne ilipoonekana, mama yake baba alikuja kutoka Mbulu akiwa na uamuzi mkononi. Tulimwita Ama, kama bibi anavyoitwa kwetu. Alikuwa mfupi, mkali, na alijua mambo ya kila nyumba kuanzia Mbulu hadi Buger. Wanasema nimemrithi yeye, na sibishi.

"Kifo kimeshaijua nyumba hii," alimwambia Mama. "Kinakuja kumtafuta mtoto wa kiume wa humu ndani. Basi safari hii hatuzai mtoto wa humu ndani."

Mtoto alipozaliwa, Ama alimfunga kwenye ngozi ya mbuzi akamlaza katikati ya njia ya punda, ile wanayoshukia Wamasai kutoka juu wakija mnadani Karatu. Sisi tukajificha kwenye mahindi. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka majani yakiniwasha shingoni na Mama akiuma pindo la khanga yake. Akatokea mwanamke wa Kimasai na punda watatu. Sijui kama Ama alikuwa amepatana naye tangu kabla. Kwa ninavyomjua Ama, alikuwa amepatana naye. Yule mama akamwokota mtoto, akamtemea mate kichwani kumbariki, akaanza kuondoka naye. Ama akatoka mahindini kama mtu anayejipitia zake.

"Umebeba nini hapo, mama?"

"Mtoto. Nimemwokota njiani."

"Niachie mimi, nikupe mahindi."

Alitoa debe moja. Kisha akampa Mama mtoto wake mwenyewe na kumwambia, "Huyu ni mtoto wa watu, yuko safarini. Mtunze vizuri kama mgeni. Siku akibadilisha jino la kwanza, atakuwa wako. Kabla ya hapo ukimwita mwanangu, kifo kitasikia."

Ndiyo asili ya jina lake. Padre alitaka jina la mtakatifu, akapewa Yosefu, na Ama akasema hilo libaki kanisani.

Tukaishi hivyo. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya kahawa Oldeani, na akija mwisho wa mwezi alimpa Safari mkono kama anavyompa mtu mzima. Mama alimwita mgeni wetu. Yeye alimwita Mama "Mama Paskalina", kama majirani, kwa sababu Paskalina ni mimi. Watu wanaweza kudhani hakupendwa. Mimi nililala nao chumba kimoja, namjua Mama alivyokuwa akiinuka kumfunika blanketi, halafu anarudi kitandani kwake haraka kana kwamba ameiba.

Mtu mmoja tu duniani alikuwa na ruhusa ya kumwita mtoto wake, naye ni yule Mmasai. Tulimwita Yeyo, maana ndivyo Wamasai wanavyomwita mama. Kila mnada alipita kwetu na kibuyu cha maziwa, akasimama penye ua na kuita, "Enkerai ai." Yaani mtoto wangu. Safari aliacha chochote alichokuwa nacho mkononi akakimbia.

Mimi nilimwonea wivu. Sitapamba. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, mikono imepasuka kwa kuni na maji, na kuna kijana mzima wa miaka saba anakula yai langu na kunyoosha miguu nimletee maji.

Mwaka alioanza shule, siku moja mwalimu aliita majina akakuta Safari wanne darasa moja. Wakati ule kila nyumba ya pili ilikuwa na Safari. Akawasimamisha, kila mmoja aeleze jina lake lilitoka wapi. Wa kwanza alizaliwa juu ya lori, mama yake akipelekwa hospitali. Wa pili, baba yake alikuwa akiwapeleka wazungu kuangalia wanyama bondeni. Wa tatu alizaliwa baba yake akiwa safarini. Alikuwa huko mwaka na miezi, hesabu mwenyewe, mimi sisemi. Wetu akasema hajui. Wenzake wakamcheka, na Gabrieli wa jirani akasema kwa sauti, "Huyo si ni mgeni tu. Hana kwao."

Jioni alinifuata jikoni nikichochea moto. Alikuwa akilisukuma jino la mbele kwa ulimi. Lilikuwa limeanza kulegea.

"Dada, kwa nini naitwa Safari?"

"Kwa sababu uliokotwa njiani. Yeyo ndiye aliyekuokota. Mama akakupata kwa debe la mahindi."

"Mahindi?"

"Tena yalikuwa na wadudu."

Akalisukuma tena lile jino. "Kwa hiyo Mama Paskalina si mama yangu?"

Hapo ndipo ninaporudi kila siku ya maisha yangu. Jibu nilikuwa nalo. Nilimwona Mama akiwa na lile tumbo, nilisikia uchungu wake kupitia ukutani. Lakini mwiko ulikataza kumwambia kuwa ni wetu, na haukukataza kumwambia habari ya njiani. Nilikuwa sijavunja chochote. Na nikiwa mkweli, nilifurahi kwamba mwiko uko upande wangu.

"Muulize Yeyo," nikamwambia.

Ilikuwa Julai, na Yeyo hakushuka mnada ule. Walisema ng'ombe wa huko juu walikuwa na ugonjwa na watu wamezuiwa kutembea. Safari alimngoja penye ua mpaka punda wa mwisho wa watu wengine walipopita.

Kesho yake asubuhi Mama alikuwa anapepeta mahindi uani, nami nafunga mzigo wa majani ya ndama. Safari akatoka ndani amejifunga blanketi lake, ameshika kikombe chake. Akasimama mbele ya Mama, akaunganisha miguu.

"Mama Paskalina, nimekaa vya kutosha. Asanteni kwa kunitunza. Sasa naenda kwetu."

Mama akacheka. Safari alikuwa mtoto wa maneno ya kizee, tulizoea. Akamjibu kama mgeni anavyojibiwa.

"Haya, mgeni wetu. Wasalimie huko. Karibu tena."

Akaondoka. Mimi nilimwona akipinda kushoto, njia ya punda, si kulia ya shule. Nikanyamaza. Nilijiambia atafika mtoni, njaa itamrudisha. Mchana hakurudi, nikanyamaza kwa sababu ningeulizwa nilijuaje. Jua lilipoinama Mama alianza kupita nyumba kwa nyumba. Wanaume wakaenda kumtafuta mtoni, wakaenda Karatu kwenye uwanja wa mnada, wakaenda shuleni. Kila walipotaja mahali, nilijua hayuko huko. Ukungu ukashuka kutoka msituni, ule wa Julai unaolowesha nguo kama mvua, na bado nikanyamaza.

Mrina asali mmoja ndiye aliyemkuta siku ya pili, juu kabisa, karibu na pale msitu unapoishia na nyasi za Wamasai zinapoanza. Hakuguswa na nyati wala fisi. Amejikunja chini ya mti kando ya njia, kikombe amekikumbatia. Baridi tu ndiyo iliyomuua. Alikuwa amebakiza mwendo mfupi kufika kwenye maboma.

Walipomlaza uani, Mama alimwita. "Mwanangu," alisema, akarudia na kurudia, kama mtu anayelipa yote aliyomnyima kwa miaka saba. Ama, aliyekuja kutoka Mbulu kwa mazishi, alisimama pembeni akamwacha mpaka sauti ikaisha. Kisha akauliza, bila ukali, "Nani alimwita kabla ya wakati?"

Mama akasema, "Mimi. Mwaka ule wa surua. Nilimwita mara moja, sikioni, amelala."

Ama akatikisa kichwa polepole, akaenda kukaa. Habari ikawa imekwisha. Rhotia nzima ikajua kwamba mama yule alishindwa kujizuia na kifo kikasikia. Mama Gabrieli aliisimulia mpaka Oldeani. Nami nilikuwa nimesimama pale pale na mzigo wa maneno yangu, nikamwacha Mama aubebe.

Mnada uliofuata Yeyo akaja. Alisimama penye ua, akaita, "Enkerai ai." Nilitumwa mimi kumwambia. Alisikiliza, akauliza alikutwa wapi. Nikasema, njia ya punda, juu.

"Alikuwa anakuja kwangu," akasema kwa Kiswahili chake kizito. Akanitazama usoni. "Nani alimwambia?"

"Sijui, Yeyo."

Akafungua kibuyu, akayamwaga maziwa yote kwenye nyasi pale ambapo mtoto alizoea kumsubiri, akaondoka na punda wake. Hakupita tena kwetu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alizaa mtoto wa kike mwingine, akaona wajukuu. Mara kwa mara, akichambua maharage, alisema, "Ni mara moja tu, Paskalina. Sikioni." Nami nilisema, "Najua, Mama." Nimesema ya kila mtu katika kijiji hiki, nimevunja uchumba wa watu wawili kwa mdomo huu, lakini neno moja la kumtua mama yangu mzigo sikulitoa, mpaka nikamzika.

Kwa miaka kadhaa hakuna mwanamke wa upande wetu aliyempa mtoto jina lile. Walisema jina ndilo lililomchukua. Baadaye likarudi tena kwa fujo. Leo ukisimama Karatu mjini ukaita "Safari", atageuka dereva, atageuka muuza vocha, atageuka na katekista. Mimi siliogopi jina. Jina lilifanya kazi yake vizuri miaka saba. Kifo kilikuja kikapita, hakikumjua. Aliyemwonyesha njia ni mimi.

Juzi mjukuu wangu Neema, anayepokea wageni kwenye loji pale mjini, amejifungua mvulana. Nikaenda kumwona.

"Nataka aitwe Safari, Bibi. Ni jina letu, na hata wazungu wanalielewa. Au lina maana mbaya?"

"Halina ubaya," nikasema. "Mpe."

Akaniwekea mtoto mapajani, akaenda kuangalia chai. Mlango ulikuwa wazi, watu wanapita barabarani. Nikainama, na sikunong'ona.

"Karibu nyumbani, mdogo wangu."

Neema akacheka kutoka jikoni. "Mdogo wako, Bibi? Huyo ni kitukuu chako."

Nikamwambia nimechanganya. Uzee.