Shemeji Anataka Jeneza Likae Pahali pa Mbwa Wangu

Admin, ficha jina langu, la mbwa unaweza kuliacha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, mzaliwa wa Uriri, nimeolewa upande wa Rangwe. Nauza chakula cha kuku na mifugo sokoni. Nina mume mpole, watoto wanne, na mbwa mkubwa kama ndama anayeitwa Ondiek, yaani fisi. Watoto walimpa hilo jina wakimwangalia akila.

Binti yangu wa tatu, nimwite Achieng, ana sikoseli. Wenye watoto kama huyo mnajua. Baridi ikimpata, mifupa inauma mpaka hawezi kukunja mguu, na hapo ni hospitali.

Zamani tulikuwa na gari yenye nafasi nyuma. Kwetu ukinunua gari ya namna hiyo, umeununulia ukoo gari ya matanga. Itang'olewa viti ibebe jeneza kutoka mochari, ibebe hema, ibebe masufuria na mashangazi. Sikuwahi kukataa. Nilikuwa narudishiwa gari inanuka dawa ya mochari, kiti kimoja hakijulikani kilipo, nasema tu poleni kwa msiba.

Kisha siku moja Achieng akashikwa na maumivu wakati gari imeenda kuchukua viti vya plastiki. Viti, si maiti. Nikampigia simu shemeji yangu mkubwa, yule ambaye ni mwenyekiti wa kila kamati ya mazishi. Akaniambia nivumilie kidogo, wanamalizia kupakia. Nilimpeleka mtoto kwa boda, amebanwa katikati yangu na dereva, kila shimo la barabara analia. Ikafika mahali akaacha kulia. Huko kunyamaza kwake ndiko sijasamehe mpaka leo.

Gari hiyo ilipochoka tukaiuza, nikaanza kutafuta nyingine kwa jasho la duka langu. Mume wangu akapendekeza kigari cha buti, kidogo, kinachong'aa, ambacho jeneza haliwezi kuingia hata ulisukume, ili tusiingie kwenye maneno. Wazo si baya. Lakini humo Achieng hawezi kulala amenyoosha miguu. Na Ondiek je? Mtoto akiumwa, huyo mbwa hulala amemgusa miguu, na joto lake linamtuliza kuliko blanketi. Kwa hivyo nikachagua van ya viti saba. Muuzaji alikuwa ananisifia redio. Nikamwambia alaze viti vya nyuma, nikapanda, nikalala chali, nikanyoosha miguu. Akaniuliza kwa upole kama nafanya biashara ya mazishi. Nikamjibu hiyo ndiyo ninayoikimbia.

Ilipofika nyumbani, nafasi ya nyuma nikampa Ondiek. Tukienda kanisani, yumo. Tukienda Sindo Jumapili watoto wakacheze majini, yumo. Majirani wanashangaa familia inayoenda ziwani na kurudi bila samaki, lakini hayo ni yao. Manyoya sikupangusa hata siku moja. Nilijua hakuna mzee atakayekubali mtu wake alazwe mahali mbwa anajikuna. Viroboto hana, nilimwogesha mwenyewe, lakini sikuona haja ya kutangaza.

Msiba wa kwanza ukaja. Shemeji akafungua mlango wa nyuma, wakaangaliana na Ondiek, akafunga.

"Nyar Uriri," yaani binti wa Uriri, ndivyo wanavyoniita, "hii gari umeiharibu makusudi."

Nikamwambia kama shida ni nafasi, nitamwomba mbwa asogee. Hakucheka. Akaamuru niioshe na nimfunge mbwa mpaka mazishi yaishe. Nikakataa. Basi akasema, mbele ya mume wangu, taratibu kabisa, "Siku wewe ukifiwa, utabeba na huyo mbwa wako." Kila mtu pale bomani alijua anamfikiria mtoto yupi. Mume wangu akaangalia viatu vyake.

Siku ya kuzika, walikodi lori la kubeba waombolezaji. Mama mkwe akaliangalia, akaangalia magoti yake, akaja moja kwa moja kwenye van yangu. Hakuuliza. Alipanda nyuma na kitenge chake kipya, Achieng upande mmoja, Ondiek chini, akamwekea mbwa miguu njia nzima. Alishuka ana manyoya mpaka kwenye kitambaa cha kichwa, watu wakimtazama. Shemeji akamuuliza kama haoni aibu, mama mzima.

Akamjibu, "Magoti yangu yametulia. Nikifa mnibebe na hii, na mbwa msimshushe."

Nilicheka mpaka nikashika gari. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu nilimwona shemeji anafikiria, na yeye si mjinga. Kesho yake akapita dukani kuniambia kwamba kama mama mwenyewe amekubali kulazwa humo, hakuna maiti mwingine wa kujidai. Sasa kuna msiba mwingine, na kamati imeshapanga gari yangu ichukue mwili Ijumaa. Ijumaa ni kliniki ya Achieng, nikakataa. Kikao cha ukoo ni Jumatano, nimeitwa nijieleze. Mume wangu amerudia wimbo wa kigari cha buti.

Jumatano nitaenda, na nitaenda na hiyo hiyo van, Ondiek akiwa ndani. Mama mkwe siku yake ikifika nitambeba kwa moyo wote, hata ikibidi mbwa akae mbele. Lakini nikimbeba yeye, hawa wengine nitawaambia nini?

Nishaurini, ila muwe waangalifu. Mkisema niuze gari, mniambie Achieng atalala wapi. Mkisema nimfukuze mbwa, njooni mlale miguuni pake nyinyi. Nataka kujua kitu kimoja tu: unawaambiaje wazee wa ukoo kwamba gari yako ina nafasi ya maiti mmoja peke yake, na mwenyewe bado yuko hai, yuko hapa kwangu anakunywa chai, miguu ameiweka juu ya mbwa?